Mfinyanzi Hulia Gaeni, Mchimbaji Je?

Ndugu msomaji, naomba nianze na kikombe. Usicheke. Ni kikombe kimoja tu, cheupe, kina ufa mwembamba kama unywele kwenye mdomo wake, na kwa miaka yote ya utoto wangu kilikaa juu ya kabati nyumbani kwetu Tanga bila kunywewa. Kilikuwa cha shangazi. Mgeni akija, hata awe shehe, hata awe mjumbe wa nyumba kumi, alinywea kikombe cha bati kama sisi wengine. Kile cheupe hakishushwi ila siku ya kufutwa vumbi, na anayekifuta ni shangazi mwenyewe.

Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilipanda kiti nikakishusha. Nikakigeuza. Chini yake palikuwa na maandishi ya bluu yaliyofifia: jina la mfinyanzi na neno England. Nikakirudisha mbiombio kabla sijakamatwa. Siku ile nilijua mambo mawili: kwamba kikombe kimetoka mbali, na kwamba aliyekitengeneza alitaka ajulikane. Jambo la tatu lilinichukua miaka mingi. Kumbe huyo mwenye jina hakuwa mtu wa kwanza kukishika. Kabla yake kuna mtu mwingine alisimama ndani ya shimo, miguu imelowa, akautoa ule udongo ardhini. Jina la huyo halikuandikwa popote.

Wazee wetu walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo tumeichambua darasani mpaka imechuja: fundi wa vyungu vizuri anakula kwenye kipande kilichovunjika. Haya. Lakini kama mfinyanzi anakula gaeni, mchimbaji anakula wapi? Na lile shimo lenyewe, linakula nini?

Swali langu basi ni hili: mtu anayetengeneza kitu kizuri anadaiwa nini na mahali alipochimba? Nauliza kwa ajili ya vikombe. Nauliza pia kwa ajili yetu sisi tunaojifunza kushika kalamu, maana nasi tunachimba. Nitafika huko. Twende taratibu.

Uingereza ina ncha inayochomoza baharini upande wa kusini-magharibi. Inaitwa Cornwall. Huko, hasa kuzunguka mji wa St Austell, ndiko unakochimbwa udongo mweupe ambao tangu karne ya 18 umetia weupe vyombo vya Waingereza. Sijafika. Nimesoma na nimetazama picha, basi. Chini ya ardhi ya huko kuna matale, lile jiwe gumu tunalolijua kwa ugumu wake. Lakini kwa muda mrefu usiohesabika maji yalipita ndani ya mwamba, na sehemu yake moja, madini ya feldispa, ikaoza na kugeuka unga mweupe laini. Jiwe lililooza: huo ndio mwanzo wa kikombe cha shangazi.

Unga huo unaitwa kaolini, na jina lenyewe wala si la Kiingereza. Limetokana na Gaoling, kilima kilicho karibu na Jingdezhen kule China, mji uliofinyanga kauri kwa karne nyingi kabla Ulaya haijaijua siri yake. Sisi watu wa pwani tulivijua vyombo vya Wachina zamani. Vigae vyao vimefukuliwa Kilwa na Gede. Makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa ukutani, na nyingi zimeshabanduliwa zikaacha alama za mviringo kwenye chokaa. Wazungu wao hawakuweza kutengeneza kauri ngumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 18, kule Meissen, Ujerumani. Uingereza ilichelewa zaidi. Mwuza dawa mmoja wa Plymouth, William Cookworthy, aliutambua udongo mweupe kwenye kilima cha Tregonning huko Cornwall katika miaka ya 1740, na mwaka 1768 akapata hataza, yaani haki ya kuwa yeye peke yake anayetengeneza kauri kwa udongo ule.

Hapo ndipo watu walipoanza kushikana mashati. Haki ile ilipohamia kwa mtu mwingine na ikaombewa muda zaidi, wafinyanzi wa Staffordshire walipinga Bungeni. Mbele yao alikuwa Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu kuliko wote wa nchi ile, mtu aliyekuwa akigonga jina lake chini ya vyombo vyake. Mwaka huohuo wa 1775 alifunga safari mwenyewe mpaka Cornwall kutafuta udongo. Ugomvi wao wote ulikuwa juu ya nani achukue. Juu ya kinachobaki baada ya kuchukua, ugomvi haukuwepo.

Sasa tazama kazi yenyewe. Machimbo yale ni ya wazi. Si mashimo ya kuingia mmojammoja kwa kamba kama ya Mererani. Ni bakuli kubwa lililochongwa kwenye kilima, jua linaingia, mvua inaingia. Zamani vijito vya maji vilielekezwa ukutani huku wanaume wakiuvunja kwa sururu. Katika karne ya 20 yakaja mabomba yanayopiga maji kwa nguvu. Ukuta unalainika unakuwa uji. Uji unateremka, mchanga mzito unabaki nyuma, udongo mwepesi unasafiri na maji, unatuama, unakaushwa. Kabla ya mashine, wanawake waliovaa kofia nyeupe za kitambaa waliyakwangua mabonge yaliyokauka ili kuondoa mchanga na uchafu. Kisha mzigo unakwenda bandarini, unapakiwa melini, unakwenda kwa wafinyanzi.

Kuna hesabu moja iliyonikaa kichwani. Ili kupata tani 1 ya udongo safi, huzaliwa takriban tani 9 za uchafu, mchanga mwingi na mawe. Tisa kwa moja! Uchafu huo ulirundikwa pembeni ya mashimo ukawa vilima vyeupe vyenye ncha, vinavyoonekana kutoka mbali sana, hata watu wakaviita kwa utani Alps za Cornwall. Mto unaopita St Austell uligeuka mweupe kama maziwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukiona kikombe kimoja juu ya kabati, jua kwamba mahali fulani kuna shimo lake, na kando ya shimo kuna lundo kubwa kuliko kikombe.

Na watu je? Mwaka 1913 wachimbaji wa St Austell waligoma. Walidai shilingi 25 kwa wiki na chama chao kitambuliwe. Polisi waliletwa kutoka Glamorgan, kule Wales, virungu vikatembea. Baada ya wiki nyingi za njaa wakarudi kazini bila kupata walichodai. Hiyo ndiyo gae ya mchimbaji.

Niliyasimulia haya pale kijiweni kwetu Magomeni. Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchora mabango, akanikata kauli.

"Acha hizo bwana," akasema. "Udongo ni udongo tu. Ungekaa chini ya ardhi miaka milioni hakuna mtu ambaye angeutazama mara mbili. Mfinyanzi ndiye aliyeupa thamani. Sasa adaiwe na nani, na shimo?"

Watu wakacheka. Lakini hoja yake si ya kuchekwa, ina wazee wake. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza, John Locke, alifundisha kwamba mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu ambacho kilikuwa cha wote, kitu hicho kinakuwa chake. Ukichuma tunda la mwituni, ni lako kwa sababu ulilichuma. Hoja hii imetembea dunia nzima, mpaka imefika kijiweni Magomeni bila viatu.

Naikubali nusu. Ni kweli, mfinyanzi anatia kitu ambacho hakikuwepo. Ukimletea mtu yeyote kaolini, ukamwambia akutengenezee kikombe, utaona atakachokuletea. Lakini kwanza, kama kazi ndiyo inayomfanya mtu awe mwenye kitu, mbona mchimbaji naye alitia kazi, na ile ya mwanamke aliyekwangua mabonge imekwenda wapi? Locke hapati shida hapo. Anasema wazi kwamba kazi ya mtumishi wangu inahesabiwa kuwa yangu. Ndiyo maana jina linakuwa moja chini ya kikombe. Pili, Locke mwenyewe aliweka sharti: uchukue, lakini ubakize cha kutosha, na kizuri vilevile, kwa ajili ya wengine. Tunda linaota tena. Udongo wa machimbo hauoti. Kila koleo linalotoka halirudi. Kwa sharti la mwalimu wao wenyewe, shimo ni deni.

"Basi watu wasichimbe," akasema fundi. "Tunywee viganja."

La hasha, sikusema hivyo. Nitarudi kwenye hilo. Kwanza nimalize habari za Wedgwood, maana yeye ndiye aliyenikosesha usingizi.

Kabla hajakwenda Cornwall, Wedgwood alisikia kwamba kuna udongo mweupe mzuri mno katika nchi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1767 akamtuma mtu, Thomas Griffiths, akauchukue. Griffiths alivuka bahari, akapanda milima, akakaa na wazee wa Cherokee kuomba ruhusa. Na ameandika katika kumbukumbu za safari yake kwamba wazee walisita. Walikuwa wamekwisha kuona. Walimweleza kwamba zamani walikuja vijana, wakachimba mashimo makubwa katika ardhi yao, wakachukua udongo mweupe, wakawaachia ahadi tu. Mwishowe walimruhusu, naye akarudi Uingereza na tani kama 5.

Soma tena hiyo: mashimo makubwa, na ahadi tu. Ningekuwa na uwezo ningeigonga chini ya kila kikombe, pale kwenye jina.

Sasa ungetegemea niseme Wedgwood alikuwa mtu mbaya, hadithi ikaisha. Hapana. Mwaka 1787 mtu huyuhuyu alitengeneza nishani ndogo za udongo zenye picha ya Mwafrika aliyepiga magoti, minyororo mikononi, akiuliza kama yeye naye si mtu na ndugu. Aligawa nyingi bila malipo. Watu walizivaa, na zilisaidia sana kampeni ya kupinga biashara ya watumwa. Mimi niliyezaliwa kwenye pwani ambayo watu walipitishwa kwa minyororo siwezi kuidharau kazi hiyo. Lakini siwezi pia kuitumia kufuta zile tani 5. Wema unaomfanyia Juma haulipi deni la Asha. Mtu anaweza kuwa mwema kweli, fundi kweli, na bado akawa na shimo mahali fulani analodaiwa.

Sasa nije kwangu. Nimelizunguka jambo hili kurasa mbili nzima kwa sababu naliogopa.

Shangazi aliolewa mbali na kwetu. Mumewe alipofariki, mashemeji na mawifi walikuja matangani na funguo tayari. Walichukua kitanda, cherehani, redio, mabati yaliyokuwa hayajaezekwa. Yeye na watoto wakatoka usiku. Alilala nao stendi, juu ya majamvi ya watu, akingoja basi la kuja Tanga kwa kaka yake, yaani baba yangu. Katika nyumba ile yote alitoka na kitu kimoja, amekifunga ndani ya khanga. Unakijua. Ufa ule ulipatikana ndani ya basi.

Aliniambia haya mimi peke yangu, jikoni, umeme umekatika, nikiwa kidato cha tatu. Sikumwuliza. Aliyatoa mwenyewe kidogokidogo, huku akichambua mchele kwenye ungo kwa mwanga wa koroboi. Akimaliza sehemu moja anakaa kimya, anapepeta, anaendelea.

Miaka mingine ikapita. Nikahamia Dar, nikaingia kwenye kundi la vijana wanaoandika, kila mtu ana daftari, kila mtu anatafuta hadithi. Mimi nilikuwa na hadithi. Niliandika kwa usiku mbili. Jina la shangazi nilibadilisha, mji nikabadilisha, watoto nikawapunguza. Kikombe nilikiacha. Ningekiachaje kikombe? Ndicho kilichobeba hadithi nzima. Ilichapwa. Wenzangu walinipongeza, mmoja akasema aliposoma pale kwenye stendi alilia. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyepata urithi.

Nakala ikafika Tanga. Binamu yangu akaisoma kwa sauti barazani, majirani wapo, hakujua anasoma nini mpaka alipofika kwenye khanga. Akanyamaza. Kila mtu akakitazama kile kikombe kupitia mlangoni.

Nilipokwenda sikukuu nilimsalimu, "Shikamoo shangazi," akaitikia, "Marahaba, baba," kama kawaida. Akanipakulia. Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, akaniambia maneno machache tu.

"Hadithi yako nzuri, mwanangu. Ila ungeniuliza."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Tangu siku ile alizungumza nami habari za mvua na bei ya mchele. Jikoni nilikaribishwa, kigoda nilipewa, lakini yale mazungumzo ya koroboi yakafungwa. Kwa zaidi ya mwaka. Nilikuwa nimechimba, nikachukua cheupe, nikamwachia tani tisa za uchafu pale barazani, macho ya majirani na huruma ambayo hakuiomba. Na chini ya hadithi, kwa herufi nene, jina langu.

Nilijitetea moyoni, msidhani sikujitetea. Nilisema: bila mimi habari ile ingekufa jikoni. Nilisema: nimewatetea wajane wote wanaonyang'anywa. Nilisema: nimebadilisha majina. Halafu nikatambua nawasikia watu wawili wakisema kwa mdomo wangu. Wa kwanza ni fundi wa mabango, kwamba udongo hauna thamani mpaka afike mfinyanzi. Wa pili ni wakili wa Wedgwood, kwamba nishani ya 1787 ifute udongo wa 1767.

Wapo watakaosema, basi lijaze shimo. Lifunike, lipande maua. Huko Cornwall wamefanya hivyo kwa namna ya ajabu. Shimo la Bodelva, karibu na St Austell, lilichimbwa kwa zaidi ya miaka 160 likaachwa, kama mita 60 kwenda chini. Mwaka 2001 likafunguliwa likiwa bustani kubwa. Ndani ya shimo wamejenga mapovu makubwa ya chuma na plastiki angavu, na humo imeota misitu ya nchi za joto, migomba, mikahawa, miti ya huku kwetu. Watu wamekwenda kwa mamilioni. Jambo zuri, nalisifu kwa moyo wote. Ni kazi bora kuliko kuliacha shimo lijae maji ya mvua.

Lakini bustani si jibu la swali langu. Miaka mitano tu baada ya bustani kufunguliwa, mwaka 2006, mamia ya wafanyakazi wa machimbo ya eneo hilo walitangaziwa kwamba nafasi zao zinapunguzwa, kazi kubwa imehamia Brazil. Bustani inamwambia mtalii kwamba ardhi imepona. Haiwezi kumwambia kitu yule wa 1913, wala Mcherokee. Kupanda maua ni wema mpya, na wema mpya ni mzuri, ila si sawa na kumwuliza mwenye shimo anataka nini. Hata mimi nilimpelekea shangazi khanga doti mbili baada ya ile hadithi. Alizipokea, akashukuru. Habari zikabaki za mvua.

Niliyemkuta karibu na jibu ni mtu wa mle mle shimoni. Anaitwa Jack Clemo. Alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Goonamarris, katikati ya machimbo, baba yake akiwa mfanyakazi wa tanuri za kukaushia udongo. Baba alikufa katika vita kuu ya kwanza. Mtoto akapoteza usikivu akiwa kijana, baadaye akapofuka macho kabisa. Ikabidi watu wazungumze naye kwa kumwandikia herufi kwenye kiganja. Mtu huyu ndiye aliyekuwa mshairi wa nchi ile ya udongo, akaandika juu ya mashimo, malundo na mitambo kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 1994. Hakuyapamba. Katika kazi zake shimo ni shimo.

Sisemi kwamba aliyezaliwa shimoni ana ruhusa ya kuchimba anavyotaka. Mimi nami nilizaliwa kwenye nyumba ya kile kikombe, na hilo halikunisaidia. Kinachonigusa kwa Clemo ni kwamba majirani zake walikuwa ndio haohao alioandika habari zao. Alipomaliza shairi hakupanda basi kwenda mji mwingine kupigiwa makofi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliendelea kukaa pale, kwenye nyumba ndogo ya mama yake, vumbi jeupe mlangoni. Mtu anayekaa pembeni ya shimo lake hawezi kujidanganya kwamba halipo.

Basi hili ndilo ninaloliamini mpaka sasa, na atakayenisahihisha nitamshukuru. Tusiache kuchimba. Bila kuchimba hakuna kikombe, na maisha ya kunywea viganja ni mabaya zaidi, fundi wa mabango yuko sahihi. Mtu asiyechimba popote anaandika hewa, nasi tunazo kurasa nyingi za hewa. Lakini uzuri wa kazi haulipi deni. Ndivyo tunavyojidanganya sisi wasanii: tunadhani kitu kikitoka kizuri sana, basi kimejilipia chenyewe. Kikombe kizuri kinamlipa anayenywa. Aliyechimbiwa bado anangoja. Deni lake linaanza kulipwa pale anapoulizwa kabla ya koleo kuingia, na anapopewa nafasi ya kusema hapana, hata kama hapana yake itaiharibu kazi.

Hapo pa mwisho ndipo panapouma, kwa hiyo nisipapite haraka. Ruhusa ambayo haiwezi kukataliwa si ruhusa. Griffiths aliomba, ndiyo, lakini alikuwa ametumwa kutoka ng'ambo ya bahari kuja kuchukua, na wazee walijua hivyo. Sina hakika kama pale palikuwa na njia ya kusema hapana. Nasi tukienda kwa mama, kwa bibi, kwa jirani, na daftari limeshajaa, tunamwuliza au tunamtaarifu?

Mwaka jana nilikwenda Tanga na karatasi za makala hii kabla sijampa mtu yeyote. Nilimsomea shangazi, jikoni, mchana kweupe. Macho yake sasa hayaoni vizuri, amekaa kwenye kigoda ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio. Nilipofika kwenye stendi aliniambia niendelee. Nilipofika kwenye mchele na koroboi alicheka, akasema koroboi lile lilikuwa likitoa moshi mbaya. Kulikuwa na sehemu moja zaidi, iliyofuata baada ya stendi, kitu kilichotokea ndani ya lile basi. Nilipoimaliza alinyamaza muda mrefu.

"Hiyo hapana," akasema.

Nikamwambia, shangazi, hiyo ndiyo bora kuliko zote. Na ni kweli, ndugu msomaji. Naamini mpaka sasa kwamba ilikuwa aya nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

"Najua," akasema. "Hapana."

Nimeitoa. Ndiyo maana pale ulipofika kwenye ule ufa wa kikombe uliona nimeupita kwa sentensi moja fupi, nikakimbilia mbele. Hapo pana shimo. Safari hii liko kwenye ukurasa wangu, nami nimeliacha wazi kama lilivyo.